Punje ya Manganizi Inayosoma Joto

Msomaji wetu mmoja wa Kisenge, mkoani Lualaba, ameletewa na kaka yake aliyeko Ubelgiji kifaa kidogo cha kupashia majani makavu: kichumba cha chuma kisichozidi ncha ya kidole, betri, kitufe, na kioo kinachoonyesha digrii. Hutia humo majani ya mkaratusi, yale yale ambayo mama yake huyachemsha sufuriani ili watu wajifukize wakiwa na mafua. Anauliza: “Dada, nikiweka 180, mivuto ya kwanza haina ladha yoyote. Halafu ghafla inakuja harufu ya kuungua, na namba bado ni 180. Kifaa kinanidanganya?”

Hakidanganyi, ila kinazungumzia joto la kitu kingine. Namba ile ni ya ukuta wa kichumba, au ya mahali fulani nyuma ya ukuta huo. Jani lenyewe halipimwi. Na jani likiwa bado na maji ndani yake, lina sheria yake: haliwezi kupanda sana juu ya joto la kuchemka kwa maji, ambalo kwenye mwinuko wa Kolwezi ni kama digrii 95, mpaka maji yaishe. Kugeuza gramu 1 ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunakula joto zaidi ya mara 5 ya lile la kuyapasha kutoka digrii 0 hadi 100. Kwa hiyo wakati msomaji wetu anavuta mivuto yake ya mwanzo, ukuta uko 180 na jani bado linapambana na unyevu wa masika. Maji yakishaisha, jani hupanda haraka kuufuata ukuta, na upande unaougusa chuma huanza kubadilika rangi. Hiyo ndiyo harufu aliyoisikia.

Swali lililonivutia zaidi lakini ni lile ambalo hakuliuliza: kifaa kinajuaje kwamba ukuta uko 180? Humo ndani hamna zebaki inayopanda kwenye bomba la kioo. Vifaa vingine hutumia waya wa platinamu, vingine maungio ya metali mbili. Vingi vya bei ya kawaida hutegemea punje ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, iliyofinyangwa kwa unga wa oksidi, ikachomwa tanuruni mpaka ikawa ngumu kama kigae. Na oksidi kuu katika punje hizo ni ya manganizi, ikichanganywa na ya nikeli, na mara nyingi ya kobalti pia.

Msomaji wa Kisenge, soma sentensi hiyo mara mbili. Mji wako ulijengwa juu ya manganizi. Juu ya machimbo palikuwa na oksidi nyeusi, chini yake kabonati yenye rangi ya waridi, na kwa miaka mingi mawe hayo yalipanda treni ya Benguela kwenda bandari ya Lobito, hadi vita vya Angola vya 1975 vilipoikata njia. Kobalti nayo inachimbwa Kolwezi, katika mkoa wako huo huo. Sidai kwamba punje iliyo mkononi mwako ilitoka kwenu, ila familia yake ni hiyo.

Siri ya punje ni kwamba ikipata joto, umeme hupita ndani yake kwa urahisi zaidi. Waya wa shaba hufanya kinyume. Chukua waya wa shaba wenye ukinzani wa omu 100 kwenye digrii 25, upashe hadi 200: ukinzani utapanda kufika kama 167. Chukua punje ya aina inayotumika sana, yenye omu 100,000 kwenye digrii 25, uipashe vivyo hivyo: kwenye 100 imebaki na kama 7,000, kwenye 180 kama 1,080, na kwenye 200 haizidi 750. Imegawanyika zaidi ya mara 130! Michael Faraday aliiona tabia ya namna hii mwaka 1833 alipopasha salfidi ya fedha, na ilimshangaza, kwa kuwa metali zote alizozijua zilikwenda upande wa pili.

Ndani ya oksidi ya manganizi kuna chembe za manganizi za namna mbili: zilizopoteza elektroni 3 na zilizopoteza 4. Ile ya 3 inaweza kumpa jirani yake wa 4 elektroni moja, na papo hapo wamebadilishana vyeo. Elektroni imesogea hatua moja, na hatua kama hizo zikiwa nyingi ndiyo mkondo wa umeme. Lakini elektroni ikitua mahali, inazisukuma kidogo chembe za oksijeni zilizoizunguka, nazo zinajipanga upya. Inajichimbia shimo kwa uwepo wake wenyewe.

Fikiria lori lililojaa magunia kwenye barabara ya udongo, mvua za Januari zimeshapiga. Likisimama, linazama kwa uzito wake. Dereva akikanyaga mafuta, magurudumu yanazunguka tu. Nguvu ya injini peke yake, ambayo kwetu hapa ni msukumo wa betri, haitoshi. Wanakuja vijana wanalitikisa, mbele, nyuma, mbele, nyuma, hadi mtikisiko mmoja unakutana na injini na lori linaruka nje. Linakwenda hatua chache, linazama tena katika shimo jipya ambalo halikuwapo kabla halijafika. Wanalitikisa tena. Mwendo wa lori hilo hautegemei sana ukubwa wa injini. Unategemea wingi wa vijana na nguvu ya mikono yao. Joto ndilo vijana hao, kwani joto si kitu kingine ila chembe zinazotetemeka mahali pake. Kijiji kikiwa na watu wachache, lori linalala njiani. Kijiji kikiwa na umati, linafika jioni ile ile. Sasa liweke lori hilo hilo kwenye lami, uwalete vijana wale wale wajae barabarani wakicheza. Hawana la kulisaidia, kwani halijazama. Wanalizuia njia tu, na kadiri wanavyochangamka ndivyo linavyochelewa. Lami hiyo ni shaba. Umati ni mmoja na lori ni moja, lakini kwenye tope umati unasukuma na kwenye lami unazuia. Mkoa mmoja wa Lualaba una vyote viwili ardhini, manganizi na shaba, na sidhani kuna mahali panapofaa zaidi kufundishia jambo hili.

Jina la punje hii linanisumbua. Nimeona mtu akiiita “kikinzajoto”, kwa kuwa fizikia yetu ya shule inasema ukinzani. Ubaya wake ni kwamba kikinzajoto kinasikika kama kitu kinachozuia joto lisipite, tofali la tanuru kwa mfano, na punje hii inalipokea joto kwa moyo wote. “Kisomajoto” ni zuri zaidi, ingawa hata waya wa platinamu unasoma joto. Mpaka aje mtu mwenye neno bora, nitasema themista.

Basi themista inapungua ukinzani, kompyuta ndogo ndani ya kifaa inasoma upungufu huo mara nyingi katika sekunde moja, inaulinganisha na namba uliyoomba, kisha inaongeza au kupunguza umeme unaokwenda kwenye kipasha. Ukivuta, hewa baridi inapita kichumbani, themista inapoa, kompyuta inamwaga umeme. Ukiacha kuvuta ghafla, umeme uliokwisha mwagwa bado uko ukutani kama joto, na ukuta unapita namba yako kwa muda. Vifaa vingine wakati huo huendelea kukuonyesha namba uliyoomba badala ya ile iliyopimwa. Tena kuna jambo la utengenezaji: kwenye digrii 25 kila digrii moja hubadilisha ukinzani wa themista kwa zaidi ya asilimia 4, lakini karibu na 190 ni chini ya asilimia 2. Punje ikitofautiana kidogo tu na jedwali lililo ndani ya kompyuta, kifaa kinakosea digrii 2 au 3 kule juu, na vifaa viwili vya sanduku moja vinaweza visikubaliane.

Kwa mkaratusi, ndugu yangu, 180 ni juu mno. Kiini cha harufu yake, sineoli, huchemka kwenye 176, lakini hakisubiri kuchemka ndipo kitoke. Kinaruka hewani mapema sana. Kampuni ya Storz & Bickel ya Ujerumani, inayotengeneza vifaa vya aina hii, huelekeza digrii 130 kwa mkaratusi na 190 kwa thaimu. Kuanzia kama 200 kuta za jani lenyewe zinaanza kuvunjika, na toka hapo kwenda juu unavuta moshi. Kausha majani kivulini mpaka yavunjike yakikunjwa. Weka 130, ngoja dakika nzima baada ya kifaa kusema kiko tayari, vuta polepole bila kukatisha, upande digrii 5 kwa 5 mpaka ladha ije, uishie hapo. Mwenye pumu na watoto wadogo wakae mbali na mvuke huo.

Na walimu wa fizikia wa Kisenge, Kasaji na Kolwezi, nina ombi. Kipimajoto cha homa cha kielektroniki kilichokufa, kile kinacholia pii, kina themista kwenye ncha yake. Kivunjeni, toeni punje na nyaya zake mbili, iungeni kwenye multimita ya fundi umeme, kisha mpeni mwanafunzi aishike kwa vidole. Omu zitashuka mbele ya darasa zima. Waandike namba, wachore mstari, halafu waambieni imetengenezwa kwa nini.