Majibu yaliyopikwa kabla ya swali

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini uko uulizaji unaomfunga mtu mdomo huku ukidai kumsikiliza.

Mwaka 1991 Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka Tanzania kuwauliza wananchi: chama kimoja au vyama vingi? Takriban watu wanane katika kila kumi walitaka chama kimoja kiendelee. Hesabu ingeishia hapo, mjadala ungekwisha. Lakini Tume ilisikiliza pia maelezo, ikaona kuwa wengi wa hao hao walitaka mabadiliko makubwa. Ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Sasa mfikirie karani anayebisha hodi na dodoso lenye majibu tayari. Maelezo ya namna ile atayaandika wapi? Nchini Marekani, baada ya uchaguzi wa mwaka 2008, taasisi ya Pew iliwauliza wapiga kura ni suala gani lililowaongoza zaidi. Waliosomewa orodha ya masuala matano, asilimia 58 walichagua uchumi. Walioachwa wajieleze wenyewe, ni asilimia 35 tu waliotaja uchumi, na asilimia 43 walitaja mambo yasiyokuwemo katika orodha ile.

Basi mtunga dodoso afanyeje? Kwanza, awaache watu wachache waseme kwa maneno yao, ndipo atunge orodha kutokana na hayo, na nafasi ya "mengineyo" isikosekane. Pili, majibu yasigongane. Akiandika "miaka 18 hadi 25" kisha "25 hadi 35", mwenye miaka 25 akae wapi? Tatu, mizani iwe sawa. "Nzuri sana, nzuri, ya kuridhisha" ni sifa tatu bila lawama hata moja. Nne, asiyejua aruhusiwe kusema "sijui", la sivyo atabahatisha, na bahati nasibu yake itahesabiwa kuwa maoni. Tano, majibu yakisomwa kwa sauti, mara nyingi la mwisho ndilo hukaa sikioni; heri mpangilio ubadilishwe kutoka mtu hadi mtu.

Haya si mambo ya wataalamu peke yao. Zahanati hujengwa na kodi hupandishwa kwa kisingizio kwamba "wananchi wamesema". Kwa hiyo, msikilizaji, ukitangaziwa asilimia, usiulize tu ni wangapi waliojibu. Uliza pia walipewa majibu gani ya kuchagua.