Kompyuta inavyowanoa na kuwapima madaktari wa upasuaji kabla ya kumgusa mgonjwa

KUFANYA kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Methali hii humfaa seremala au mshonaji, kwani ubao au kitambaa kikiharibika hutafutwa kingine. Kwa daktari wa upasuaji mambo ni tofauti. Kosa lake la kwanza huenda likamgharimu mgonjwa maisha.

Hata hivyo, hakuna daktari bingwa ambaye hakuwahi kuwa mwanagenzi. Swali ambalo limewasumbua walimu wa udaktari kwa muda mrefu ni hili: makosa ya mwanzo yafanyiwe wapi?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa chumba cha upasuaji. Mwishoni mwa karne ya 19, William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins nchini Marekani aliweka mfumo ambapo mwanagenzi alimtazama mkubwa wake, akamsaidia, kisha akaachiwa kazi hatua kwa hatua. Mfumo huo ulienea katika mataifa mengi.

Kilichoutikisa ni upasuaji wa matundu madogo. Mnamo 1985, Erich Mühe wa Ujerumani alitoa kibofu cha nyongo bila kulipasua tumbo kwa upana. Mbinu hiyo ilipoenea kwa kasi mapema katika miaka ya 1990, visa vya wagonjwa kujeruhiwa mrija wa nyongo viliongezeka.

Sababu ni kwamba kazi yenyewe ilikuwa imebadilika. Daktari haoni tena kiungo anachokikata, bali huona picha yake kwenye skrini. Vifaa vyake ni virefu na hupitia katika tundu dogo, hivyo mkono ukienda kulia, ncha ya kifaa huenda kushoto. Isitoshe, vidole vyake havigusi tena nyama ya mgonjwa. Ujuzi wa namna hii haupatikani kwa kutazama tu.

Hapo ndipo teknolojia ya uhalisia pepe ilipoingia. Huu ni ulimwengu wa kubuni unaoundwa na kompyuta. Mwanagenzi hushika vipini vinavyofanana na vifaa halisi, na kila anachofanya huonekana papo hapo kwenye skrini au ndani ya miwani maalumu. Akikata mshipa, damu ya kubuni humwagika. Akikosea, huanza upya na hakuna anayeumia.

Manufaa makubwa ya mtambo huu, hata hivyo, si picha zake bali vipimo vyake. Kompyuta hurekodi muda uliotumika, umbali ambao kila mkono umesafiri na idadi ya makosa. Madaktari wenye uzoefu hufanya zoezi kwanza, na alama zao huwa ndicho kiwango. Mwanagenzi hurudia hadi akifikie, hata kama mwenzake alikifikia mapema zaidi.

Ithibati muhimu ilitolewa mwaka 2002 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Madaktari wanagenzi 16 waligawanywa makundi mawili kwa kura. Kundi moja lilifunzwa kwa njia ya kawaida pekee, na la pili likaongezewa mazoezi ya kompyuta hadi likafikia kiwango cha wenye uzoefu. Kisha wote walifanya upasuaji halisi wa kibofu cha nyongo, na video zao zikakaguliwa na wataalamu ambao hawakujua nani alikuwa wa kundi lipi.

Waliotumia kompyuta walikitenganisha kibofu hicho kwa kasi zaidi kwa asilimia 29. Wale wengine walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kukijeruhi au kuchoma sehemu isiyokusudiwa.

Nchini Uingereza, mitambo kama hiyo ilisambazwa kwa wanaojifunza upasuaji wa mtoto wa jicho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa kati ya 2009 na 2015, visa vya kupasuka kwa utando wa nyuma wa lenzi mikononi mwa wanagenzi wa miaka ya mwanzo vilipungua kutoka asilimia 4.2 hadi 2.6.

Lakini mitambo hii ni ghali. Je, mataifa yasiyo na fedha yasubiri? Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2021 unatoa jibu. Uliwahusisha wanagenzi wa tiba ya macho kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe, ambao walifanyia mazoezi macho ya bandia, si kompyuta. Katika mwaka uliofuatiliwa, utando huo ulipasuka katika asilimia 7.8 ya upasuaji wa waliopewa mazoezi hayo, ikilinganishwa na asilimia 26.6 kwa wenzao waliokuwa bado hawajayapata. Ni dhahiri kuwa chombo kinaweza kubadilika, mradi mazoezi na kipimo viwepo.

Aidha, kompyuta ina mipaka yake. Hupima wepesi wa mikono, lakini ni vigumu kwake kupima busara: kujua ni nani asipasuliwe, wakati wa kusitisha kazi, au wakati wa kumwita mkubwa. Tena, mtihani wake hauaminiki iwapo mabingwa na wanagenzi hupata alama sawa, kwa kuwa basi haupimi ujuzi unaodaiwa. Ndiyo maana mwalimu angali anahitajika kando ya meza ya upasuaji.

Kinachopaswa kubadilika ni mazoea ya kuhesabu miaka na saa za mafunzo na kudhani kwamba idadi hiyo ni ujuzi. Watu wawili huweza kukaa darasani muda sawa na kutoka na mikono tofauti. Mgonjwa anayetia saini fomu ya kukubali upasuaji anastahili kujua kuwa anayeshika kisu amekwisha kukosea, akasahihishwa na kupimwa, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuumia.