Mtoto ameze, atafune au amung'unye?

Mzazi, lebo nyingi za dawa zimeandikwa Kiingereza, na vitenzi vyake hufanana kwa mbali tu. "Swallow" ni kumeza, "chew" kutafuna, "suck" kumung'unya. Penye "swallow whole" kidonge kimezwe kizima. Hapa ndipo penye hatari kubwa, maana vingine vimetengenezwa kutoa dawa polepole kwa saa nyingi. Ukikiponda ili mtoto ameze kwa urahisi, dawa yote huingia mwilini kwa mkupuo. Na "shake" ni kutikisa chupa, si kukoroga kwa kijiko. Dawa ya maji ikituama chini, dozi za mwanzo huwa hafifu, za mwisho kali kupita kiasi. Neno likikutatiza, muulize mfamasia kabla hujaondoka dirishani.