Mlo wa Jioni wa Siku ya Kazi Kinna: Muda wa Moto na Muda wa Kungoja

Kinna ni mji mdogo wa kaunti ya Isiolo, ulioko kwenye nyanda kavu chini ya vilima vya Nyambene na kaskazini mwa Mbuga ya Taifa ya Meru, na kwa kuwa uko karibu kabisa na ikweta, jua huzama huko mnamo saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, kiangazi kiwe au masika. Mwalimu, muuguzi, askari wa wanyamapori au mwenye duka anayetoka kazini saa kumi na moja huwa na saa moja na nusu tu kabla ya Magharibi, na katika muda huo huo hutakiwa kutafuta maji, kuwasha moto, kuwaangalia watoto waliorudi shuleni na kupika. Tatizo hilo huelezwa mara nyingi kana kwamba dawa yake ni kutafuta vyakula vinavyoiva upesi. Maelezo hayo ni nusu ya ukweli, kwa sababu yanahesabu muda wa aina moja tu, ule ambao mpishi amesimama penye moto, na kuusahau ule ambao chakula hujishughulikia chenyewe kikiwa kimelowekwa, kimeanikwa au kimeachwa kigande. Mlo wa jioni unaofika mapema ni ule ambao sehemu kubwa ya kazi yake ilihamishiwa kwenye muda huo wa pili, na upishi wa wafugaji wa Kiborana, ambao ndio wenyeji wa Kinna, ulilijua jambo hilo kabla ya kuwapo saa za ofisi.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa punje za jamii ya kunde, kwa kuwa ndizo zinazowashinda wazazi wengi wanaofanya kazi. Maharagwe makavu yaliyonunuliwa dukani yanaweza kuchemka saa tatu yasilainike, na lawama huangukia kuni au sufuria, ilhali chanzo mara nyingi ni ghala. Ugumu wa punje hutegemea pektini, yaani gundi ya asili inayoshikanisha seli za mmea, ambayo kwa kawaida huyeyuka katika maji ya moto na kuziachia seli zitengane. Maharagwe yakihifadhiwa kwa miezi mingi mahali penye joto na unyevu, mabadiliko ya kikemia ndani ya punje huifanya pektini ifungamane na madini ya kalsiamu na magnesi, na gundi hiyo ikishafungamana hivyo haiyeyuki tena kwa urahisi. Katika mji ambao joto la mchana huvuka nyuzi 30 mara kwa mara, gunia lililokaa dukani tangu msimu uliopita linaweza kuwa limekwisha kuharibika kwa namna hiyo, ingawa kwa macho linaonekana zima. Maji nayo huchangia, kwa kuwa maji ya kisima kirefu yenye chokaa nyingi huongeza kalsiamu ile ile inayokaza pektini, na nyanya au ndimu zikitiwa mapema hufanya vivyo hivyo kwa asidi yake. Ndiyo maana viungo vichachu hutiwa baada ya punje kulainika.

Wapishi wengi hulikwepa tatizo hilo kwa kutia magadi, na kwa kweli magadi hufanya kazi, kwa sababu huondoa asidi na kuisaidia pektini kuyeyuka. Gharama yake ni kwamba mazingira hayo ya alkali, yaani kinyume cha asidi, huharibu vitamini B1, ambayo ni miongoni mwa sababu za kula maharagwe tangu mwanzo. Kuloweka ni njia bora zaidi, na haina gharama ila kukumbuka: punje zilizotiwa kwenye maji asubuhi kabla ya mtu kwenda kazini huwa zimekunywa maji ya kutosha jioni, na muda wake wa motoni hupungua sana. Kinna ina nafuu nyingine ambayo haisemwi sana. Maji huchemka katika joto dogo zaidi kadiri mahali palivyoinuka, na jijini Nairobi, penye mwinuko wa karibu mita 1,700, huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, wakati Kinna, iliyo chini sana kuliko Nairobi, huchemsha maji yake karibu zaidi na nyuzi 100. Tofauti hiyo ndogo huhesabika sana katika kulainisha punje ngumu.

Hata hivyo, anayetafuta mlo wa siku ya kazi angefanya vyema kuyaacha maharagwe yangoje Jumamosi na kuzikimbilia ndengu, ambazo pwani huitwa pojo na Tanzania choroko. Punje yake ni ndogo, maji huipenya upesi, na zikilowekwa asubuhi huiva kwa muda wa nusu saa hivi. Zikiachwa kwenye kitambaa chenye unyevu kwa siku moja au mbili hadi zichipue, faida huongezeka, kwa kuwa kuchipua hupunguza fitati, kemikali ya mbegu inayoyashika madini kama chuma na zinki na kuyazuia yasifyonzwe tumboni. Ndengu huvumilia ukame kuliko maharagwe, kwa hiyo ni zao linaloifaa nchi kavu kama ile, na nyanya na vitunguu vya kuziungia hulimwa katika mashamba ya umwagiliaji ya Kinna na ya Rapsu iliyo jirani.

Kwa yule asiyetaka kuachana na maharagwe, vipo vyombo viwili vya kumsaidia. Sufuria ya presha hufunga mvuke ndani, shinikizo huongezeka, na maji hufikia takriban nyuzi 120 kabla ya kuchemka, hivyo maharagwe yaliyolowekwa huiva kwa sehemu ndogo tu ya muda wake wa kawaida. Aliyeibuni, Mfaransa Denis Papin, mwaka 1679, alikusudia kulainisha mifupa, na hadi leo hakuna chombo kinachotoa supu ya mifupa ya mbuzi upesi kuliko hicho. Chombo cha pili ni kapu la kuhifadhia joto, yaani kapu au boksi lililojazwa matambara, sufi au majani makavu, ambamo sufuria iliyokwisha kuchemka hufunikwa kabisa na kuachwa iendelee kuiva kwa joto lake yenyewe bila kuni wala gesi. Kapu hilo ni mfano kamili wa kuhamisha kazi kwenye muda wa kungoja, ila lina sharti moja lisilo na mjadala. Maharagwe mekundu yana lektini iitwayo faitohemaglutini, protini inayosababisha kutapika na kuhara, na sumu hiyo huvunjika kwa kuchemshwa hasa, si kwa kuachwa katika joto la nyuzi 70 au 80, ambalo ndilo joto la kapu. Ni lazima basi yalowekwe, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu kwa nusu saa ndipo yaingie kapuni. Ndengu hazina hatari ya kiwango hicho.

Nyama ndiyo mahali ambapo ujuzi wa wenyeji unapita wa vitabu vya mapishi. Nyirinyiri, ambayo Waborana huiita koche na Wasomali huiita oodkac, ni nyama ya ngamia au ya ng'ombe iliyokatwa vipande virefu vyembamba, ikaanikwa kwenye kamba hadi uso wake ukauke, ikakatwakatwa vipande vidogo vinavyolingana na ncha ya kidole, kisha ikakaangwa polepole katika mafuta hadi iwe kahawia na iache kabisa kutoa mvuke. Kutotoa mvuke ndiyo alama anayoingoja mpishi mzoefu, kwa sababu maana yake ni kwamba maji yaliyokuwa ndani ya nyama yamekwisha kutoka. Iliki na vitunguu saumu hutiwa kwa ladha, na nyama huhifadhiwa katika chombo kikavu huku mafuta au samli iliyoyeyushwa ikiifunika hadi juu.

Ufafanuzi wa kisayansi wa uhifadhi huo uko katika kile wataalamu wa chakula wanachokipima kwa jina la maji huru, yaani sehemu ya maji iliyomo chakulani ambayo vijidudu wanaweza kuitumia, inayoandikwa kwa namba kati ya 0 na 1. Nyama mbichi hukaribia 0.99, bakteria wengi huacha kukua namba hiyo ikishuka chini ya takriban 0.91, na hata Staphylococcus aureus, aliye mvumilivu kuliko wengi, hatoi sumu yake chini ya takriban 0.85. Kuanika na kukaanga hushusha maji huru, na mafuta yanayofunika huzuia hewa na unyevu visirudi, kwa hiyo nyirinyiri iliyotengenezwa vizuri hukaa majuma mengi bila friji. Adui yake ni kijiko chenye maji. Familia inayochota kwa kijiko kikavu na kurudisha mafuta juu ya nyama huitunza. Ile inayochota kwa kijiko kilichotoka tu kwenye sufuria ya ugali huiozesha kwa mkono wake yenyewe.

Kwa mzazi anayefika nyumbani saa kumi na moja na nusu, chombo kimoja cha nyirinyiri ni kazi ya siku nzima iliyokwisha kufanywa. Mchele huoshwa na kulowekwa mara tu mtu anapoingia ndani, kabla hata ya kubadili nguo. Wakati huo vijiko vitatu vya nyirinyiri na mafuta yake huyeyushwa sufuriani, kitunguu kikakaangwa humo humo hadi kilainike, nyanya mbili zikapondwa na kuachwa zikauke, kisha mchele ukaingia pamoja na maji pungufu kidogo ya vikombe viwili kwa kila kikombe cha mchele. Baada ya robo saa hivi ya moto mdogo, chini ya mfuniko, wali huwa umeiva ukiwa na mboga yake ndani. Hakuna mafuta mengine yanayohitajika, wala kipande cha kiungo cha dukani, na sufuria ya kuosha ni moja, jambo ambalo katika nyumba inayonunua maji kwa mtungi si dogo hata kidogo.

Tambi za pakiti, zinazouzwa sasa katika kila duka la mji na kuiva kwa dakika chache, hushindania nafasi hiyo hiyo na hushinda mara nyingi kwa sababu watoto huzipenda. Si sumu, lakini zina unga mweupe mwingi na protini kidogo, na pakiti moja ya viungo vyake inaweza kumaliza sehemu kubwa ya gramu 5 za chumvi ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe kwa siku, sembuse mtoto. Mzazi aliyekwisha kuzinunua huzitendea haki kwa kutumia nusu ya viungo hivyo, au robo yake, na kutia ndani konzi ya ndengu zilizoiva au yai.

Maziwa yanastahili maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ugali na maziwa ndio mlo wa haraka kuliko yote ambao nyumba ya mfugaji inaujua. Itittu ni maziwa ya ng'ombe yaliyogandishwa ndani ya gorfa, chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mimea na kufukizwa moshi, ambamo bakteria wa asidi ya laktiki hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi hadi maziwa yawe machachu kiasi cha kuwazuia vijidudu waozeshaji. Hapo pia kazi yote imefanywa na muda. Hatari iliyobaki ni brusela, bakteria wa homa ya maziwa, ambaye hupita kutoka kwa mifugo hadi kwa binadamu katika maziwa mabichi na kuleta homa inayokuja na kuondoka pamoja na maumivu ya viungo, na kuganda peke yake si kinga ya kuaminika dhidi yake. Njia salama ni kuyachemsha maziwa kwanza, kuyaacha yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha kutia kijiko cha mgando uliotengenezwa awali kwa maziwa yaliyochemshwa vilevile. Wazee wanaolalamika kwamba ladha hubadilika wanasema kweli. Isitoshe, maziwa si ya kutegemewa kila mwaka. Misimu mitano ya mvua iliyofuatana, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, ilishindwa katika nchi kavu za Kenya, mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa, na nyumba ambazo mlo wake wa jioni ulikuwa maziwa zikajikuta zikinunua unga na maharagwe, vyakula vinavyodai kuni na maji zaidi kutoka kwa watu walewale waliokwisha kupungukiwa.

Jambo la chai linapitwa upesi, ingawa lina uzito wake: tanini za majani ya chai hushika chuma kilichomo katika ndengu na mboga za majani, kwa hiyo kikombe cha chai kinachonywewa pamoja na mlo huo humnyima mtoto sehemu ya chuma alichokula, na kukiahirisha kwa saa moja kunatosha. Ndimu au nyanya mbichi iliyokatwa pembeni hufanya kinyume chake, kwa vitamini C.

Linabaki suala la kiporo, ambalo wazazi wengi hulitegemea kwa kupika jioni moja chakula cha siku mbili. Wali una hatari ya pekee: mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemka, huamka wali unapopoa polepole, na moja ya sumu zake haiharibiki hata wali ukipashwa moto tena hadi ufuke. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kisiachwe nje zaidi ya saa mbili, na katika usiku wa joto wa Kinna, katika nyumba isiyo na friji, wali wa saa mbili usiku haufai kuwa chakula cha alfajiri. Ramadhani huliweka wazi jambo hilo, kwa kuwa kati ya futari na daku hupita karibu saa kumi, na desturi ya kula daku mabaki ya futari huangukia hasa kwenye pengo hilo. Unga wa anjera, yaani chapati nyembamba ya kuchachuka, ukikorogwa jioni hufanya kazi ile ile bila hatari hiyo: huumuka usiku kucha wakati nyumba imelala, na kila anjera huiva kwa dakika moja au mbili kabla ya adhana, ikaliwa na nyirinyiri iliyopashwa kidogo tu.