"Kuungua" kwa Vyuma vya Injini: Istilahi za Rangi Ziletwazo na Joto

Miongoni mwa maneno yatumikayo katika gereji zetu, ni machache yanayobebeshwa mzigo mkubwa kama kitenzi kuungua. Gasketi huungua, klachi huungua, waya huungua. Na fundi anapoifungua injini iliyokwisha kuundwa upya akaona doa la kahawia au la buluu juu ya krankishafti, husema kwamba kranki nayo imeungua. Kwa maneno hayo mawili mwenye gari hutakiwa kununua kranki nyingine. Huenda kweli chuma kimeharibika. Huenda pia ni kizima kabisa, na doa lile ni oili iliyokauka tu. Neno lenyewe halisemi. Madhumuni ya makala hii ni kueleza rangi ziletwazo na joto juu ya vyuma vya ndani ya injini, na kupendekeza istilahi zitakazomwezesha fundi kutaja anachokiona kabla hajatoa hukumu.

Tuanze na rangi iliyo ya chuma chenyewe. Chuma cha pua kilichosuguliwa kikang'aa, kikipata joto hewani, hufanya utando mwembamba mno wa oksidi. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando huo hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake, na rangi tunayoiona hutegemea unene wa utando, kama zionekanavyo rangi nyingi mafuta yanapotandaa juu ya dimbwi la maji barabarani. Katika chuma cha pua cha kawaida, manjano hafifu kama ya nyasi kavu huonekana yapata nyuzi 220 za Sentigredi, kahawia yapata 255, zambarau 280, buluu iliyokoza 300, samawati 320, kisha kijivu. Hesabu hizi ni za kukadiria tu, kwa kuwa aina ya chuma na muda wa kukaa katika joto pia hubadili rangi. Yafaa kuangalia hapa jinsi Kiswahili kinavyotusaidia: buluu na samawati ni maneno mawili, na fundi anayeyatofautisha ametaja joto mbili. Walakini wako wasemaji ambao kwao buluu iliyokoza ni "nyeusi", na taarifa ya namna hiyo humpoteza msomaji.

Mhunzi huzijua rangi hizi. Shoka lililozamishwa majini likiwa jekundu kwa moto huwa gumu lakini huvunjika upesi. Kwa hiyo hupashwa tena moto kidogo, na rangi zitembeazo kuelekea kwenye makali ndizo zionyeshazo wakati wa kuacha. Ugumu huo upatikanao kwa moto na maji lugha yetu imeuita matiko tangu zamani. Twapendekeza basi istilahi rangi ya matiko. Ubora wake ni kwamba inabeba ndani yake hatari yenyewe: shingo ya kranki (yaani ile sehemu ya duara izungukayo ndani ya beringi) aghalabu imetiwa matiko kiwandani, na ikipata joto la kufikia buluu baada ya hapo, matiko yake yaweza kulegea.

Rangi ya pili ni ya oili. Oili ikikaa muda mrefu juu ya chuma cha moto huganda na kuacha utando wa dhahabu, kisha wa kahawia, hata kukaribia weusi. Huu tuuite vanishi ya oili. Haufikii zambarau wala buluu. Tena hutoka: kipande cha mti hukwangua, na ukikaidi mafuta ya taa, dawa ya kusafishia kabureta huutoa. Rangi ya matiko haisikii dawa hizo, bali huondoka kwa msasa. Kadhalika pistoni ya alumini haipati rangi ya matiko kabisa; kahawia iliyo juu ya ubavu wake ni vanishi.

Hata rangi ya matiko iliyothibitishwa si lazima iwe ya uharibifu, na hapa ndipo panapopotea fedha nyingi. Katika injini ambazo pini ya pistoni hukazwa ndani ya konrodi, ncha ndogo ya konrodi hupashwa moto ili pini iingie, na hubaki na kahawia au buluu. Kranki nazo, zilizotiwa matiko kwa umeme, huweza kuwa na mikanda ya rangi kando ya shingo tangu kiwandani. Dalili ya rangi ya utengenezaji ni kwamba hufanana katika konrodi zote, au katika shingo zote. Rangi ya msuguano haina adabu hiyo: hushika shingo moja au mbili, au ncha kubwa ya konrodi moja, na beringi yake hutoa ushahidi. Bati huyeyuka kwa nyuzi 232 na risasi kwa 327; shingo iliyofika buluu mara nyingi hukutwa na beringi ambayo tabaka lake laini limepakazika au limetoweka.

Fundi ajihadhari na kranki iliyochongwa. Kuchonga huondoa sehemu ndogo ya milimita, na rangi yote ya uso huondoka nayo. Lakini kwenye ukingo wa kando, ambako jiwe halikufika, buluu hubaki. Shingo ing'aayo yenye ukingo wa buluu ilipata kuunguzwa kabla ya kuchongwa, na hapana budi ipimwe ugumu na kukaguliwa nyufa. Muuzaji aliyepitisha msasa hadi ukingoni amefuta ushahidi, hakurudisha matiko. Ikiwa buluu imekuja juu ya uso uliokwisha kuchongwa, sababu itafutwe katika kazi ya mwisho: njia za oili zisizooshwa baada ya kuchonga, beringi ambayo tundu lake halikulingana na tundu la oili, nafasi iliyobana mno, au injini iliyowashwa kabla oili haijafika.

Wengine wangependelea rangi ya joto, kwa kuwa ni nyepesi kueleweka. Hatuikubali, maana vanishi nayo huletwa na joto, na tungekuwa tumerudi pale pale. Kuungua kuachiwe gasketi na vali ya moshi, ambazo huungua kweli. Kwa kranki fundi aandike, kwa mfano: "Shingo ya tatu, rangi ya matiko, buluu, ya msuguano, beringi imepakazika."