Vepu: Afadhali kwa mvutaji sigara, mtego kwa mtoto

Kinafanana na flashi ya kompyuta, kalamu nene au kichupa cha manukato. Kinachajiwa kwa waya uleule wa simu. Hakihitaji kiberiti, hakiachi majivu, na harufu yake ni ya embe, stroberi au mnanaa. Ndiyo maana mzazi anaweza kukikuta kwenye begi la shule, akakirudisha palepale bila kujua kuwa ameshika sigara.

Kitaalamu ni sigara ya kielektroniki. Vijana wanaiita vepu.

Hata mzazi anayeijua huwa amesikia mambo mawili yanayopingana. Baba aliyevuta sigara kwa miaka ishirini ameambiwa vepu itamnusuru mapafu. Mama wa mtoto wa kidato cha pili ameambiwa vepu inaharibu mapafu. Wote wawili wamesikia kipande cha ukweli. Wanapokosa kuelewana ni kwenye neno moja, "afadhali". Vepu ni afadhali kuliko nini?

Ilivyoanza, na inavyofanya kazi

Vepu za kisasa zilitokana na kazi ya Hon Lik, mfamasia wa China aliyetengeneza kifaa chake mwaka 2003. Alikuwa mvutaji sigara, na baba yake alifariki kwa saratani ya mapafu. Alitaka kupata nikotini bila kuvuta moshi.

Ndani ya kifaa kuna betri, waya mdogo unaopata moto, na kimiminika. Kimiminika hicho kwa kawaida kina propilini glaikoli, glisirini, ladha na nikotini. Waya ukipata moto, kimiminika kinageuka mvuke, na mtu anauvuta.

Tofauti kubwa ni kwamba hakuna tumbaku inayoungua. Moshi wa sigara ya kawaida una kemikali zaidi ya 7,000, na takribani 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Una lami inayoganda kwenye mapafu na gesi ya kaboni monoksaidi inayopunguza hewa safi kwenye damu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka duniani.

Nikotini yenyewe si chanzo kikuu cha saratani hizo. Kazi yake ni kumfunga mtu. Moshi ndio unaoua, nikotini ndiyo inayomrudisha mtu kwenye moshi kila siku.

Funzo la Uingereza: mtu mzima anayevuta

Mwaka 2015, taasisi ya afya ya umma ya England ilitangaza kuwa vepu zina madhara pungufu kwa takribani asilimia 95 ukilinganisha na sigara. Baadhi ya wanasayansi waliipinga namba hiyo, lakini mwelekeo wa sera haukubadilika. Mwaka 2023, Serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kuwapa vepu wavutaji milioni moja ili waachane na sigara.

Kuna ushahidi nyuma ya uamuzi huo. Mapitio ya tafiti yanayofanywa na taasisi ya Cochrane yanaonyesha kuwa kati ya wavutaji 100 wanaotumia vepu zenye nikotini kuacha sigara, 8 hadi 10 hufanikiwa. Kwa wanaotumia vibandiko au bigijii za nikotini, hufanikiwa kama 6. Kwa wasiopata msaada wowote, ni kama 4.

Namba hizo zinasema mambo mawili. Vepu inaweza kumsaidia mvutaji, na bado wengi wanaoijaribu hawaachi.

Uingereza hiyohiyo inakataza kumuuzia vepu mtoto wa chini ya miaka 18, na tangu Juni 1, 2025 imepiga marufuku uuzaji wa vepu za kutumia na kutupa. Mganga Mkuu wa England, Profesa Chris Whitty, amekuwa akirudia ushauri usiotatanisha: anayevuta sigara, vepu ni salama zaidi kwake, asiyevuta, asiiguse, na kuwatangazia watoto vepu hakukubaliki kabisa.

Funzo la Marekani: mtoto asiyevuta

Mwaka uleule wa 2015, vepu ya Juul iliingia sokoni Marekani. Ilikuwa nyembamba kama flashi na ilikuwa na ladha za matunda na peremende. Kichupa chake kimoja chenye nguvu ya asilimia 5 kilikuwa na nikotini inayokaribia ya pakiti nzima ya sigara 20.

Ilitumia chumvi ya nikotini, aina isiyokwaruza koo. Hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Sigara ya kwanza humkohoza mtoto, humtoa machozi na kumwachia harufu inayomchongea nyumbani. Kikohozi kile kilikuwa mlinzi wa mlangoni. Vepu yenye ladha ya embe ilimwondoa mlinzi huyo.

Desemba 2018, Mganga Mkuu wa Marekani alitangaza kuwa uvutaji wa vepu miongoni mwa vijana umefikia kiwango cha mlipuko. Mwaka 2019, zaidi ya robo ya wanafunzi wa sekondari za juu nchini humo walisema wametumia vepu ndani ya siku 30. Mwisho wa mwaka huo, umri wa kuuziwa bidhaa za tumbaku na vepu ulipandishwa hadi miaka 21. Mwaka 2022, kampuni ya Juul ilikubali kulipa zaidi ya Dola milioni 400 kumaliza madai ya majimbo zaidi ya 30 kuhusu namna ilivyouza na kutangaza bidhaa zake.

Kufikia 2024, wanafunzi wa sekondari za juu waliotumia vepu walishuka hadi chini ya asilimia 8. Kwa hiyo tatizo hili hupungua pale sheria, shule na wazazi wanapolishughulikia pamoja.

Mwaka huo wa 2019 Marekani ilikumbwa pia na ugonjwa mkali wa mapafu uliowalaza hospitali zaidi ya watu 2,800 na kuua 68. Uchunguzi uliuhusisha zaidi na mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye vimiminika vya bangi, vingi vikiwa vimenunuliwa mitaani. Kimiminika kisichojulikana kilikotoka kinaweza kuwa na chochote ndani yake.

Nikotini na ubongo wa kijana

Mtu akivuta, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Huko huamsha dopamini, kemikali inayompa mtu hisia ya kuridhika. Baada ya saa mbili hivi, nusu yake imeshaondoka kwenye damu na ubongo unaanza kudai nyingine.

Aliyezoea akiikosa hupata arosto: hasira za haraka, wasiwasi, usingizi wa kukatika na masomo yasiyoingia kichwani. Akivuta, anatulia. Kijana anaamini vepu inamwondolea mawazo, kumbe inatuliza maumivu iliyoyaleta yenyewe.

Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, hasa sehemu zinazohusika na umakini na kujizuia. Nikotini ikiingia kabla ya hapo, inaugusa ubongo ambao bado unajengwa. Ndiyo sababu vijana huzoea haraka kuliko watu wazima, wengine hata kabla hawajaanza kuvuta kila siku.

Nikotini pia huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Kwa mjamzito, huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Hali ni hiyohiyo kwa vipakiti vya nikotini vinavyowekwa chini ya mdomo: havitoi moshi wala mvuke, lakini vinazoesha.

Hapo neno "afadhali" linapata jibu. Kwa baba anayevuta pakiti kwa siku, vepu inalinganishwa na sigara. Kwa mtoto ambaye hajawahi kuvuta, inalinganishwa na hewa safi, na kwa hewa safi haina cha kushindana.

Hatari kwa wadogo zaidi

Nyumba yenye vepu na mtoto anayetambaa inahitaji tahadhari nyingine. Kichupa cha kujazia kina rangi nzuri na harufu ya pipi. Kiasi kidogo cha kimiminika chenye nikotini nyingi kinaweza kumdhuru vibaya mtoto mdogo, hata kumuua.

Dalili za mwanzo ni kutapika, mate kumtoka, jasho, kupauka na moyo kwenda mbio. Baadaye anaweza kulegea, kupata degedege au kupumua kwa shida. Asilazimishwe kutapika, na muda usipotee kumnywesha maziwa. Awahishwe hospitali pamoja na kile kichupa ili daktari ajue alichomeza. Kikimmwagikia, avuliwe nguo na ngozi ioshwe kwa maji mengi na sabuni.

Kinga ni ileile ya dawa na mafuta ya taa: kifungwe vizuri, kiwekwe juu, mahali mtoto asipofika.

Dalili za kuangalia

Kwa kijana, dalili zinazoweza kumfanya mzazi aulize ni hizi:

- Harufu tamu ya matunda chumbani au kwenye nguo isiyoeleweka inatoka wapi.
- Kikohozi kisichoisha, mdomo kukauka na kiu ya mara kwa mara.
- Kwenda chooni au nje mara nyingi, hasa baada ya kula.
- Hasira asubuhi au safarini, kisha utulivu wa ghafla.
- Hela za matumizi kuisha mapema, na vichupa au vifaa vidogo asivyotaka viguswe.

Dalili moja si ushahidi. Ujana peke yake unaweza kuleta hasira na kujifungia chumbani. Mzazi anayemshutumu mtoto asiye na kosa anaweza kupoteza mazungumzo ya miaka mingi.

Namna ya kuongea

Ikibainika kuwa mtoto anavuta, kiboko hakiondoi nikotini mwilini. Kinamfundisha kujificha vizuri zaidi. Kinachofaa ni kuanza na maswali: alianza lini, anaipata kwa nani, huvuta mara ngapi, na je, huamka akiitaka? Jibu la swali hilo la mwisho lina uzito. Anayevuta mara tu anapoamka huenda ameshafungwa na uraibu, na atahitaji msaada kama mgonjwa mwingine.

Baada ya hapo, wapange siku ya kuacha na kuondoa vifaa vyote. Siku mbili tatu za kwanza ndizo ngumu zaidi, na kwa wengi hali hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Hamu ikija hupita baada ya dakika chache. Maji, kutembea, mpira au kazi ya mikono humvusha. Ni busara kuepuka kuanza wiki ya mitihani. Akishindwa, mwalimu wa malezi na kituo cha afya ni sehemu za kukimbilia, na kushindwa mara ya kwanza ni jambo la kawaida.

Kama mvutaji ni mzazi

Kwa mzazi anayevuta sigara, lililo bora ni kuacha vyote. Vibandiko na bigijii za nikotini vimo kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu tangu 2009, na mtaalamu wa afya anaweza kumshauri.

Akichagua vepu, ahame moja kwa moja. Anayevuta vepu mchana na sigara usiku anaendelea kumeza moshi uleule, na nafuu anayoitafuta haipati. Pia ajiwekee siku ya kuachana na vepu yenyewe. Kifaa hiki hakijatumika muda mrefu kiasi cha sayansi kujua kitamfanyia nini mtu baada ya miaka 40, kama ilivyochukua miongo mingi kujua madhara ya sigara.

Sheria iko wapi?

Uganda ilipiga marufuku sigara za kielektroniki kwa sheria ya 2015, na kuweka miaka 21 kuwa umri wa chini wa kuuziwa tumbaku. Kenya, kwa sheria ya 2007, inakataza kuwauzia tumbaku walio chini ya miaka 18. Tanzania ina katazo kama hilo katika sheria yake ya bidhaa za tumbaku ya 2003, mwaka uleule ambao Hon Lik alitengeneza kifaa chake.

Desemba 2023, WHO ilieleza kuwa nchi 34 zimepiga marufuku uuzaji wa vepu, huku nchi 88 zikiwa hazijaweka umri wa chini wa kuzinunua. Biashara nyingine inapita kwenye simu, ambako muuzaji haoni uso wa mnunuzi wala hamuulizi umri.

Mzazi hana haja ya kusubiri sheria ifike kwenye simu ya mtoto. Anaweza kuanza leo jioni kwa kumuuliza kama amewahi kuona vepu shuleni. Watoto wengi huwa wameshaiona. Mzazi akisikiliza jibu bila kufoka, mtoto atajua nani wa kumwendea siku rafiki atakapomwambia ajaribu.