Acha Kumpaka Poda One Ten

Oya mwanangu, tulia. Umeopoa Land Rover One Ten iliyolala chini ya mkorosho hapa Likawage, kuku wanataga siti ya nyuma, na tayari unaulizia rangi. Rangi! Mchuma hauna breki, we unawaza rangi. Ubishoo huo peleka Masaki.

Kwanza nyundo. Gonga chesisi, anzia nyuma. Ikilia "ngo", una chuma. Ikilia "pwa", una biskuti, na ule mkwanja wa rangi ushapata kazi. Jamaa wa Land Rover tangu 1948 bodi walichonga ya alumini, maana Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao. Ndo maana mlango unadanganya: juu msafi, chini chesisi ya chuma inaoza kuanzia ndani, kimyakimya. Na kama gari limekaa Kilwa Masoko likila chumvi ya bahari, noma mara mbili. Alumini inapogusana na chuma inatoa kaunga keupe. Fundi akisema "vumbi tu hilo", hama gereji.

Madingi wa kijiweni? Mmoja anasema gari la Mwingereza halifi. Sawa mzee, na wale kuku ni walinzi? Mwingine anasema uza, panda ufuta. Ukiumwa jino, ufuta. Ukiachwa na demu, ufuta.

Halafu kuna masela wa fulu: kila nati mpya, kila bati linyooshwe, puti, msasa, rangi koti tatu. Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover kwenye tamasha, kule fulu inalipa, unauza sura. Huku? Mti wa kwanza njia ya Nangurukuru unakuchana ubavuni, koti zote tatu kwa mpigo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Kibiti–Lindi pale Somanga, hivi kuna mtu aliuliza ringi za nani zinang'aa?

Ukibadili injini watalia: "Lakini sio orijino!" Mwana, unamjua yule dinosaria wa Tendaguru? Kachimbwa hapahapa Lindi, 1909 hadi 1913, kapelekwa Berlin. Yule ni wa kuungaunga: mifupa ya wanyama kadhaa, penye pengo plasta. Wakamsimamisha 1937. Baadaye wakamfumua, 2007 wakamsimamisha upya, mkao mwingine kabisa. Na watu wanalipa kiingilio. Sisi tukifunga injini ya Toyota, eti tumeua historia.

Kwa hiyo chini ya gari usibane hela: chesisi, breki, stelingi, bushi, nyaya, klachi. Spea utazisaka Kariakoo, zitapanda basi Mbagala, zitashuka Nangurukuru, na zitakutoza nauli kama abiria mwenye begi. Ndo bei inapouma hapo. Juu, kausha. Siti shona turubai. Bati lililobonyea liache, ile ndo sivii ya gari, mtu akiiona anajua hukununua juzi. Ukikuta bishoo kapaka puti nene juu ya kutu, mcheke taratibu, masika itamaliza kazi.

Na zile taa sita za kwenye keria, ng'oa. Mchana gari linawaka kwa kusukumwa na watoto wa shule, usiku unataka kumulika mpaka Liwale.